Brashi Atatolewa Silvano

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Clairmonte Alwyn Trotman, ajulikanaye zaidi kama Brashi, fundi rangi, wa mtaa wa Kitty, mume wa Waveney, kaka wa Eulalie wa Brooklyn. Mazishi ni Jumamosi ijayo saa nane mchana. Baada ya ibada marehemu atatolewa katika kanisa la Mtakatifu Silvano."

Redio ilipolisema hilo, Waveney alikuwa jikoni anakoroga unga wa keki nyeusi, na alilisikia kama anavyosikia bei ya nyanya. Aliendelea kukoroga. Alichogundua tu ni kwamba mtangazaji amelitamka vizuri jina la Brashi, na hilo ndilo la maana, kwa sababu mji mzima wa Georgetown hakuna aliyemjua Clairmonte. Bila lile "ajulikanaye zaidi kama", nusu ya watu wangesema maskini, nani huyo, kisha wangekutana naye makaburini na kupata mshtuko.

Tangu Jumanne, siku ya kifo, Waveney alikuwa kama shavu lililotiwa ganzi na daktari wa meno. Unaligusa, unajua ni lako, lakini lenyewe halina habari na wewe. Majirani walikuja wakamkumbatia wakamsubiri alie, na asipolia wakamsaidia kwa kulia wao. Jioni walijaa uvunguni, chini ya nyumba yake ya nguzo ndefu, wakanywa kahawa na ramu, wakapiga dhumna kwa kishindo kama watu wanaoidai meza. Waveney aliwapitishia biskuti na jibini. Mtu angedhani ni matanga ya jirani.

Brashi alikufa akiwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa ya Krismasi. Desemba ikifika, mji ule hauna mtu mwenye akili timamu. Kila mtu anapaka, anang'arisha, anafua, anatoa makochi nje na kuyarudisha, na pazia jipya lisipotundikwa mkesha wa Krismasi, basi Krismasi yenyewe haijaingia humo ndani. Silvano nalo ni nyumba kama nyumba nyingine. Kila Desemba tangu lijengwe, waumini wamelipaka rangi, na kwa miaka zaidi ya arobaini aliyeshika uongozi wa brashi ni Brashi. Hakulipwa. Alisema akilipwa itabidi apake vizuri.

Ile Jumanne alikuwa kwenye ukuta wa kusini, nje, na rafiki yake Bhola seremala yuko chini anashikilia ngazi na kumsimanga.

"Rangi gani hii umeizimua kwa mafuta ya taa? Na mvua hizi? Itakauka Pasaka!"

"Basi Yesu akifufuka asiegemee ukuta," Brashi akamjibu.

Akashuka, akaketi juu ya kopo lililogeuzwa, akaegemeza kichwa. Bhola akaendelea kumchambua, kuhusu mafuta ya taa, kuhusu ubahili, kuhusu brashi isiyooshwa tangu enzi za Malkia, na hakujibiwa tena. Alidhani ameshinda ubishi. Ilimchukua muda kujua kwamba hata safari hii hakushinda.

Kwa hiyo Brashi angetolewa Silvano, na hilo halikuhitaji kujadiliwa. Zamani sana, siku walipotoka kumzika mtu katika kanisa la zege la barabara kuu, lile lenye feni na choo cha kisasa, Brashi alimwambia mkewe njiani, "Mimi nikifa usinipitishe kwenye zege. Zege halihitaji mtu." Waveney akasema sawa. Hakuapa, hakushikwa mkono, alisema sawa kama mtu anayeulizwa kama chumvi imetosha. Lakini katika ndoa yao sawa ilikuwa sawa.

Matatizo yalianza Alhamisi. Bhola na wenzake waliingia kanisani kumalizia ndani, ili marehemu apite mahali pasafi. Bhola akaegemeza ngazi kwenye nguzo ya pili upande wa kaskazini, ile iliyo karibu na mimbari, akapanda vidato vitatu, na ngazi ikaingia ndani ya nguzo kama kijiko kwenye yai. Likamwagika vumbi. Likamwagika vumbi jingine. Halafu mchwa wachache wakatoka kutazama nani anabisha hodi.

Waveney aliitwa. Alimkuta Padri Hinds amesimama mbali na nguzo, mikono nyuma, kama mtu aliyeonywa asiguse kitu dukani. Alimkuta pia mhandisi wa ofisi ya majengo ya kale, Bi. Fordyce, binti mwembamba mwenye kofia ya plastiki, ambaye alikuwa amekata kipande cha ile nguzo kwa msumeno mdogo na kukishika mkononi kama kipande cha keki.

"Pole sana, mama," akasema. "Tazama mwenyewe. Hapa hakuna nguzo. Hii ni rangi iliyosimama."

Kipande kilikuwa kinene kama kidole gumba, na ndani yake hamkuwa na mti hata chembe. Ilikuwa rangi juu ya rangi, mstari juu ya mstari, Krismasi juu ya Krismasi.

Bhola akavaa miwani. "Angalieni hii," akasema. "Hii nyeupe ya chini itakuwa ndiyo ya wajenzi wenyewe."

Wajenzi hao kila mtoto wa shule ya Jumapili aliwajua. Walikuwa mafundi wa mashua, na askofu wa wakati huo alikuja na mchoro wa kanisa la mawe kutoka nchini kwake, matao yamechongoka juu kama mikono inayosali, mnara, madirisha membamba marefu. Wakamwambia, Baba Askofu, mji huu uko chini ya usawa wa bahari, ukiweka jiwe leo kesho unalitafuta. Akasema basi fanyeni kwa mbao. Wakafanya. Wakachonga mbao mpaka zikajifanya mawe, wakaziinua juu ya nguzo za matofali mafuriko yapite chini, na tangu siku hiyo Silvano limesimama pale limejaa madaha, kama mwanamke aliyevaa gauni la kuazima likamtosha kuliko mwenye gauni. Na sifa kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba nguzo zake zote ni grinhati, mti mgumu wa msituni ambao mchwa akiuuma anaomba radhi.

"Sasa mbona zimeliwa?" Padri akauliza.

"Nguzo nyingine ni nzima," Bi. Fordyce akajibu. "Nimezitoboa zote. Hii peke yake ni msonobari. Iliwahi kubadilishwa."

Bhola akapiga paja. "Radi! Babu yangu alisimulia radi iliyopasua nguzo. Walisema wameweka grinhati nyingine. Kumbe hata hii nyeupe si ya wajenzi."

Walikuwa wameweka mbao ya bei nafuu, wakaipaka rangi ikafanana na wenzake, Krismasi ikaja wakaipaka tena, na waliojua wakafa na waliofuata wakapaka. Ukitazama kile kipande ungeweza kuwasoma wote. Kulikuwa na mstari wa kijani wa mwaka ambao shamba la miwa lilitoa makopo yaliyobaki kwenye kiwanda. Kulikuwa na rangi ya waridi ambayo hakuna aliyekubali kuieleza. Kulikuwa na mistari ya kijivu iliyofifia ya ile miaka serikali ilipopiga marufuku unga wa ngano na bidhaa nyingine za nje, na rangi ikawa haionekani madukani, Brashi akiwa kijana, akichanganya chokaa na gundi na sala. Halafu krimu, krimu, krimu, mpaka nje.

"Krimu zote ni zake," Bhola akasema taratibu.

Waveney akakichukua kile kipande. Kilikuwa chepesi. Alijua kwamba hapa ndipo pa kuhisi kitu, mwenyewe alingoja kidogo kuona kama kitakuja, kama mtu aliyesimama kituoni. Hakikuja. Akamrudishia binti kipande chake.

"Na Jumamosi ijayo?" akauliza.

Bi. Fordyce akatazama sakafu. "Jengo limefungwa, mama. Paa la upande huu limekaa juu ya rangi ya mume wako."

Eulalie alishuka kutoka Brooklyn Jumatatu, na alianza kulia akiwa kwenye mstari wa pasipoti. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa zaidi, na alilia vizuri, kwa maneno, kwa kumtaja kaka yake tangu alipomfundisha kuogelea kwenye mfereji. Uvungu mzima ulipata nafuu alipofika. Matanga yalikuwa yamepooza, sasa yalikuwa na mwenyewe.

"Wifi, umekauka!" akamkumbatia Waveney mpaka miguu ikanyanyuka. "Hujala. Hujalia. Umefanya nini?"

"Nimeoka."

"Ameoka! Mnamsikia?" Akaketi, kiti kikalalamika. Alipoelezwa habari za nguzo, machozi yalikatika ghafla kama bomba. "Basi apelekwe kwenye zege, basi. Kuna feni. Kuna nafasi ya magari. Nimetoka New York na watu wanatoka Toronto, tunakuja kusimama wapi, kwenye jumba linalotaka kutuzika pamoja naye?"

"Alisema asipitishwe kwenye zege."

"Alisema! Alisema pia angeacha sigara." Eulalie akashusha sauti, ambayo bado ilifika kwenye meza ya dhumna. "Na nikwambie ukweli, wifi, usinichukie. Wanasema ni yeye. Hizo rangi zake ndizo zilizowaficha mchwa. Angeliacha kanisa wazi mwaka mmoja tu, mtu angeona. Amelifunika mpaka limekufa."

Watu wakamtazama Waveney, wengine kwa huruma, wengine kwa matumaini. Waveney akatafuta hasira, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akaikosa. Alijua maneno ya kujibu. Angeweza kusema kwamba hiyo nguzo iliwekwa Brashi hajazaliwa. Angeweza kusema mhandisi mwenyewe amekiri kwamba bila rangi ingekwisha anguka. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililomfikia mdomoni.

"Kahawa imepoa," akasema. "Nikuletee nyingine?"

Asubuhi yake alikwenda kwa Bhola. Bhola alikuwa uani kwake anapaka grisi jeki zake, kwa sababu useremala ulikuwa kazi yake ya pili. Ya kwanza ilikuwa kuinua nyumba. Mtu akitaka nyumba yake ya mbao ipande juu zaidi ya mafuriko, Bhola huja na jeki na magogo ya grinhati, akaiinua kidogo kidogo, vyombo vikiwa kabatini.

"Bhola, unaweza kuibeba ile nguzo?"

"Shemeji, ile si nguzo, ni uvumi."

"Unaweza kubeba kilicho juu yake?"

Bhola akafuta mikono. Alikuwa amezeeka wiki hii, na utani wake ulitoka ukichechemea. "Nimewahi kuinua nyumba mama mkwe wangu amelala ndani. Hakuamka. Nilisikitika sana." Akatazama jeki zake. "Naweza. Lakini yule binti wa kofia lazima akubali."

Bi. Fordyce alikataa Jumanne, akakataa Jumatano. Alhamisi alikuja kutazama magogo yaliyopangwa kwa kukatizana kutoka chini ya sakafu mpaka kwenye boriti, akayazunguka, akayapiga teke kistaarabu, akamwita Waveney pembeni.

"Mama, naweka kazi yangu rehani. Wabeba jeneza waingie. Padri aingie. Bwana Bhola akae kwenye jeki zake. Kinanda hapana. Kengele hapana kabisa, mnara usitikisike. Na mtu mmoja wa familia."

"Mmoja?"

"Mmoja. Wengine wote wakae uani, upande wa kusini, mbali na hii nguzo."

"Sawa," Waveney akasema.

Eulalie alipopashwa habari alisema huo ni mzaha, mtu wa watu kama Brashi kusindikizwa na idadi ya watu wanaotosha teksi mbili. Alisema hayo Alhamisi yote. Ijumaa aliyasema kwa simu, kwa watu wa Toronto. Hakuuliza huyo mmoja ni nani. Mke yupo, kuna la kuuliza?

Jumamosi ilinyesha mvua ile nyembamba isiyo na haraka. Ua wa Silvano ulijaa miavuli mpaka kwenye mfereji. Madirisha yote ya upande wa kusini yalikuwa yamefunguliwa, zile mbao zao zimeinuliwa na kushikizwa kwa fimbo kama kope za mtu aliyelazimishwa kukesha, ili watu wa nje wasikie. Mnara ulinyamaza. Watu walikuwa wanautazama kwa aibu, kama mtu aliyesahau maneno ya wimbo wake.

Gari likafika. Wabeba jeneza wakalitoa jeneza, wakalipandisha bega, wakasimama chini ya ngazi wakingoja. Padri Hinds akamgeukia Waveney. Mjane alikuwa amevaa nguo nyeusi aliyoshona mwenyewe, kofia imenyooka, uso mkavu. Eulalie alikuwa nyuma yake. Ameushika ule mkono wa ngazi uliopakwa krimu, ameung'ang'ania kama mtoto aliyeambiwa abaki nyumbani. Humo ndani walibatizwa wote wawili, yeye na kaka yake, siku moja, kwa sababu baba yao hakupenda kuvaa koti mara mbili.

Waveney akamtazama, kisha akatazama mlango, ule mlango mrefu uliochongoka juu, na giza lake safi. Alijiona akiingia. Alijiona akiketi kwenye benchi la mbele, macho makavu, akisikiliza sala kama bei ya nyanya, na Brashi amelala pale hana hata mtu mmoja wa kumlilia ndani ya nyumba yake.

"Ingia wewe," akasema.

"Nini?"

"Ingia, wifi. Wewe unaweza kulia. Mimi nitamfanyia nini mle ndani? Nitahesabu madirisha."

"Waveney, mimi ndiye niliyesema atolewe kwenye zege. Mbele ya watu!"

"Najua. Sauti yako ilifika hata kwa mchwa. Nenda, wanaume mabega yanawauma."

Eulalie akakaza kofia yake. Akapanda ngazi. Mbao zikalia chini yake, Bi. Fordyce akafumba macho, Bhola ndani akapaza sauti, "Taratibu, Eulalie, ingia kwa awamu!" na hata wabeba jeneza wakacheka, jeneza likatikisika kidogo juu ya mabega. Likaingia. Silvano likasimama.

Waveney akazunguka upande wa kusini. Watu wakampisha, wengine wakidhani amefukuzwa, wakawa wanamtazama vibaya Padri kupitia dirishani. Alikwenda mpaka mwisho wa ukuta, pale palipokuwa na kopo lililogeuzwa. Hakuna aliyelitoa. Akasimama kando yake.

Ndani Eulalie akaanza. Sauti yake ikajaa chini ya yale matao, ikapanda, ikatoka kwa madirisha yote kwa pamoja. Alimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo Waveney hakuwahi kulisikia katika miaka yote ya ndoa. Uani mtu akaanzisha wimbo, miavuli ikaudaka, na kwa kuwa kinanda hakikuwapo kuwaburuza, waliuimba polepole, kila mmoja akifika mwisho wa mstari kwa wakati wake. Yalikuwa mazishi hasa. Hata watu wa Toronto wasingepata la kusema.

Waveney hakuimba. Akaweka kiganja ukutani ajishikilie.

Kikanata.

Akautazama mkono. Akauvuta, ukuta ukaung'ang'ania kidogo, kisha ukauachia kwa sauti ndogo. Kiganja kizima kilikuwa krimu. Harufu ya mafuta ya taa ikampanda puani, ile harufu aliyoilalamikia kwenye mashuka kwa miaka, iliyomfanya amfungie Brashi mlango wa jikoni. Siku zote hizi rangi ilikuwa pale, mvua inanyesha, watu wanapita, na ilikuwa bado inangoja kukauka.

Akaurudisha mkono palepale. Akauacha hapo mpaka wimbo ukaisha, na ulioufuata, na mpaka aliposikia miguu ya wabeba jeneza ikishuka ngazi.

Bhola alitoka wa mwisho, amelowa jasho, akaja moja kwa moja kwenye lile kopo kana kwamba ndiko alikoitwa. Aliona alama ukutani, akaona mkono. Alitaka kusema neno la utani, Waveney aliliona likija usoni mwake, lakini likaishia njiani, akavua miwani na kuifuta kwa shati bila sababu.

"Nilimwambia," akasema.

"Ulimwambia."

Eulalie naye akafika, macho yamevimba, kofia imegeukia sikioni. Akauona mkono wa Waveney, akashtuka, akachomoa leso kubwa ya Brooklyn iliyokwisha lowa. "Wifi! Na huku tunakwenda makaburini, watu wote wa kupeana nao mikono! Lete nikufute."

Waveney akakunja ngumi, akaificha nyuma ya gauni jeusi.

"Acha," akasema. "Haijakauka."